Afande Hucheza Kete Nyeupe

Gerezani, Mwanza
Jumapili, 6 Machi 1977

Dada mpendwa Adventina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto wote wanne. Mimi sijambo. Chakula kipo, na tangu wiki iliyopita nimepewa blanketi la pili. Nimepangiwa kazi ya kuvunja mawe. Mwanza unaijua, mawe hayaishi. Vumbi linanibana kifua kidogo, lakini ni kidogo tu, usimwambie mama.

Sasa nikueleze kilichonifanya niombe karatasi. Kuna afisa hapa, Afande Kashindye, Msukuma wa Misungwi, mtu mrefu asiyepiga kelele. Sataranji alijifunza alipopelekwa masomoni ng'ambo. Kila Jumamosi alasiri, kazi zikiisha, huweka ubao wake juu ya pipa lililofunikwa, na mfungwa yeyote anayeujua mchezo anaruhusiwa kuketi mbele yake. Ametamka mbele ya wote kwamba atakayemshinda atatolewa kwenye mawe na kupelekwa bustani ya mboga kando ya ziwa. Mpaka leo hajapatikana.

Yeye hucheza nyeupe daima. Anatanguliza askari wa mfalme hatua mbili, nami namjibu vivyo hivyo. Halafu anamsukuma askari wa pili, yule anayesimama mbele ya askofu wa mfalme, hatua mbili pia, na kumwacha pale bila mlinzi, kama mtu anayekukaribisha chakula. Nilimla. Nikahangaika kumlinda askari wangu aliyekula, na kabla kengele ya kuhesabiwa haijalia mfalme wangu alikuwa amekufa.

Daftari la sataranji la marehemu baba, lile alilonakili kwa padri, bado unalo? Naomba njia moja, nyepesi, ambayo kichwa kilichochoka kinaweza kuishika. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshinda baba, si mimi.

Shemeji Ishengoma hajambo? Mwambie bado nipo.

Mdogo wako,
Longino


Kijijini Buhendo, Bukoba
2 Aprili 1977

Mdogo wangu Longino,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, lakini yote ilikuwemo. Huku hatujambo. Mama anatembea hadi kanisani na kurudi bila fimbo. Kemilembe yuko darasa la saba na hesabu zinamshinda. Kiswahili anatuzidi wote. Sukari imepotea duka la kijiji tangu Februari, tunakunywa chai na chumvi. Samahani kwa kuchelewa. Nilianza kukuandikia mara mbili nikachana.

Daftari ninalo, lakini hili sikuhitaji kulitazama. Kosa lako halikuwa kula. Kosa lilikuwa kutaka kukaa na ulichokula. Mweupe anatoa yule askari ili nawe upoteze muda ukimlinda, huku yeye akileta farasi na maaskofu. Fanya hivi. Kula. Yeye atatoa farasi wake. Hapo msahau kabisa yule askari, umsukume askari aliye mbele ya malkia wako hatua mbili, katikati ya ubao. Akimla, usilipize kisasi haraka. Toa farasi wako wa upande wa mfalme kwanza. Umemrudishia alichokupa, njia za maaskofu wako zimefunguka, na sasa mko sawasawa. Kisha mfiche mfalme upesi.

Nasikia kwa mtu wa Mkuyuni, huko Mwanza, aliyekuja kununua ndizi kwamba umekonda sana. Unakula? Kifua kinabana wakati gani, asubuhi au usiku? Jibu hilo kwa maneno kamili.

Shemeji yako hajambo. Ana shughuli nyingi za kijiji, unajua uenyekiti.

Dada yako,
Adventina


Gerezani, Mwanza
Jumapili, 24 Aprili 1977

Dada mpendwa,

Shikamoo. Usishangae mwandiko. Jiwe limeniangukia kidole, kwa hiyo ananiandikia mwenzangu wa chumbani, Mhoja, aliyefungwa kwa kesi ya ng'ombe. Mimi nasema, yeye anaandika. Wazima huko? Nimefurahi kusikia mama ameacha fimbo.

Jana Jumamosi nilijaribu njia yako. Nilikula, akatoa farasi, nikamsukuma askari wa malkia kama ulivyosema. Afande alikuwa akijibu kabla sijaondoa mkono kwenye kete. Akamleta askofu akamtisha mfalme wangu kabla sijapata nafasi ya kumficha, nami nikachanganyikiwa, nikaziba kwa kete isiyofaa. Nikafa tena.

Wakati anakusanya kete akasema taratibu, "Dada yako anafundisha vizuri. Ni mwalimu?"

Nikamuuliza, "Afande umejuaje?"

"Barua zote za humu ndani napitisha mimi."

Basi, dada, ndiye anayebandika gundi. Kila unachonifundisha anakisoma wiki nzima kabla yangu. Hakunicheka. Aliniambia tu kwamba Jumamosi nyingine zipo. Sijui kama tuendelee.

Wasalimu wote. Shemeji hajaniandikia hata mstari mmoja tangu Oktoba. Najua ana shughuli.

Longino

Dada, ni mimi Mhoja. Yeye amelala. Kidole hakina kitu. Mkono ndio unatetemeka kwa homa. Anakohoa damu tangu Pasaka na anaificha kwenye kitambaa. Samahani kwa kuingilia.


Kijijini Buhendo
15 Mei 1977

Longino,

Marahaba. Mama na watoto hawajambo. Senene wamekuja wachache, nimekukaushia mkebe mmoja, sijui kama watauruhusu.

Mhoja, ahsante. Mungu akuweke.

Wewe Longino, usinifiche tena. Umwone daktari wa gereza, na ukiambiwa usubiri, usubiri umesimama mlangoni pake.

Afande Kashindye, salaam. Najua unasoma haya kabla ya ndugu yangu, kwa hiyo nitaandika wazi ili tusisumbuane. Njia ya pili haina siri. Ukiijua na usipoijua ni ileile.

Longino, akikupa yule askari, usimle. Mwache pale pale. Mtoe askofu wako wa upande wa mfalme umpeleke mbele hadi atazame kwa mshazari ule uwazi alioacha mweupe karibu na mfalme wake. Akikaa hapo, mfalme mweupe hapati pa kujificha. Kisha msogeze askari wa malkia hatua moja, amlinde mwenzake wa katikati, halafu toa farasi zako polepole. Hakuna ujanja. Ni kukaa vizuri na kusubiri.

Jambo moja tu ulikumbuke. Ukishamtoa askofu, mweupe anaweza kuingiwa na tamaa akamla askari wako wa katikati. Asipewe nafasi ya kujuta. Malkia wako anakimbia kwa mshazari mpaka ukingo wa kushoto kwako na kumtisha mfalme. Akiziba kwa askari, unakula katikati na ngome yake ya kona imekwenda. Akimsogeza mfalme mbele, unamla askari wa katikati kwa malkia, na mchezo umekwisha hapo hapo. Afande hatafanya kosa hilo, lakini mtu lazima ajue mlango uko wapi.

Kuna jambo jingine nataka kukuandikia na mkono unakataa. Acha kwanza.

Adventina


Gerezani, Mwanza
Jumapili, 12 Juni 1977

Dada mpendwa,

Shikamoo. Leo naandika mwenyewe, unaona. Daktari amenipa vidonge na sindano. Senene walifika, mkebe ulikuwa umepungua kidogo njiani lakini waliobaki tuligawana chumba kizima. Mhoja alitema wa kwanza kisha akaomba tena.

Jana nilicheza njia ya pili. Afande aliitazama kete yangu ya askofu muda mrefu, akacheka puani. Hakumla askari wangu. Alicheza kwa uangalifu kuliko siku zote, nami nilikaa tu kama ulivyosema, nikajaza mapengo. Wafungwa walisimama nyuma yetu hakuna anayekohoa isipokuwa mimi. Kengele ilipolia kila mmoja alikuwa amebaki na ngome moja na askari watatu. Akasema, "Sare." Nikauliza kama sare inatosha kwa bustani. Akasema aliahidi kwa ushindi, na watu walimsikia.

Lakini kuna lililotokea katikati ya mchezo. Akiwa ameshika farasi hewani aliniuliza, "Longino, una shamba la kahawa?"

"Sina, Afande."

"Ulikamatwa karibu na Ukerewe na magunia kumi na moja mtumbwini. Yalikuwa ya nani?"

Nikanyamaza.

"Mahakamani pia ulinyamaza. Nimesoma jalada lako." Akaweka farasi chini. "Cheza, zamu yako."

Dada, nakuomba. Hilo jambo ambalo mkono wako unakataa, mkono una akili. Una watoto wanne, na mdogo bado ananyonya. Mimi sina mke wala mtoto. Miaka mitatu si milele, na miezi minane imekwisha. Niandikie mambo ya mchezo, ya mama na ya migomba. Lingine usiandike.

Longino


Kijijini Buhendo
3 Julai 1977

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, watoto hawajambo. Kemilembe amepata themanini ya hesabu, ya kwanza maishani mwake.

Nimesoma ombi lako na sitalitii.

Kahawa ile ilikuwa ya nyumba yangu. Ilitoka shamba la mume wangu, Ishengoma, na nyingine aliikusanya kwa majirani, ivushwe ziwa ipelekwe Kenya. Ndiye aliyekuomba uendeshe mtumbwi kwa sababu wewe unayajua maji. Alikuahidi mbele yangu kwamba ukikamatwa atakuja mwenyewe kusema ni yake. Na mimi nilishona midomo ya magunia yale, yote kumi na moja, kwa sindano ya shule. Kesi iliposikilizwa Mwanza niliwaambia watu kwamba siwezi kuja kwa sababu mtoto ana surua. Mtoto hakuwa na surua.

Wiki iliyopita nilimkabili akiwa anavaa kwenda mkutano. Nikamwambia, "Longino anakohoa damu."

Akafunga vifungo vyote vya shati kabla ya kujibu. "Amebakiza miaka miwili na kidogo."

"Hataimaliza."

"Mama Kemi, unataka watoto wakae bila baba?"

"Nataka useme ulichoahidi kusema."

"Nani ataniamini sasa? Watauliza kwa nini nimenyamaza miezi tisa."

Nikamwambia hilo ni swali zuri, na mimi nitaulizwa pia. Akaondoka. Mkutanoni alihutubia dhidi ya magendo, Longino. Nilikaa mstari wa pili nikamsikiliza mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi.

Jana nilimpa siku moja ya mwisho aende mwenyewe polisi. Akasema nimpe mpaka mavuno yaishe. Kwa hiyo naandika hapa, kwenye barua ambayo najua itasomwa.

Afande Kashindye, haya ni ya kweli, na nitayasema mbele ya hakimu yeyote. Wakinitaka na mimi, niko shuleni, darasa la tatu, chumba cha mwisho. Naomba tu ndugu yangu atolewe kwenye mawe.

Adventina


Gerezani, Mwanza
Jumapili, 31 Julai 1977

Dada,

Shikamoo. Sijui niamkie vipi wala niulize habari zipi. Natumaini mko wazima.

Barua yako sikupewa kwa siku nyingi. Afande alikuwa nayo. Niliona tu kwamba Jumamosi mbili hakuleta ubao, na akipita uani hanitazami.

Jana aliuleta. Aliniita kwa jina mbele ya wote. Akaanza kama kawaida, askari wa mfalme, kisha yule wa sadaka. Nikamtoa askofu. Akakaa akiutazama ubao, mikono magotini. Mhoja aliyekuwa nyuma yangu ananiambia jasho lilimtoka shingoni. Halafu akanyoosha mkono akamla askari wangu wa katikati.

Dada, alijua. Alisoma barua yako ya Mei neno kwa neno, na mwezi Juni tamaa hiyo alikuwa ameikataa. Nilimtazama usoni, yeye akatazama ubao. Nikampeleka malkia ukingoni. Alikuwa na nafasi ya kuziba, angepoteza ngome tu. Hakuziba. Akamsogeza mfalme mbele hatua moja. Niliangusha kete mbili, lakini nilimla askari wa katikati na nikasema mfalme amekufa. Wafungwa walipiga kelele mpaka askari wa zamu wakaja mbio.

Akasimama, akavaa kofia. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Amenishinda. Jumatatu aende bustanini." Kisha akainama kama anayekusanya kete, akaniambia mimi peke yangu, "Barua ya dada yako nimeipeleka juu. Nimekaa nayo kadiri nilivyoweza. Mtu wa kiapo hana njia nyingine." Ndipo akanipa nakala niisome.

Nimeisoma. Sina la kusema juu ya surua. Sikuwahi kukuuliza, na sitakuuliza.

Nina hofu juu yako. Niandikie neno moja.

Longino


Gerezani, Mwanza
Jumapili, 20 Novemba 1977

Dada Adventina,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kwa watu wanaosafiri na meli nimesikia kwamba polisi walikuhoji siku mbili wakakuachia kwa ajili ya mtoto, na kwamba bado unafundisha. Nimeshukuru. Mimi nina nafuu. Bustanini namwagilia kabichi na bilinganya, upepo wa ziwa ni safi, na tangu Septemba sijaona damu.

Shemeji aliletwa hapa wiki mbili zilizopita. Amepewa miaka miwili. Amepangiwa mawe.

Siku tatu hakunisemesha, nami sikumlazimisha. Siku ya nne tulikutana kwenye foleni ya uji. Akasema, "Ungeweza kunitaja siku ya kwanza."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilidhani utakuja."

Akachukua uji wake akaenda kukaa ukutani, bakuli mikononi, hakunywa. Baadaye nilienda nikakaa kando yake. Hakuhama. Jumamosi amekuwa akija kututazama tukicheza, na jana aliniomba nimwonyeshe namna farasi anavyoruka. Waambie watoto baba yao anakula na analala. Viganja vyake vimechubuka. Nimemfundisha kuvifunga kwa kitambaa.

Sasa lenyewe. Rufaa yangu imesikilizwa. Kwa kuwa mwenye mali amepatikana, wamepunguza kifungo, na natoka tarehe 10 Desemba. Mhoja anasema niende moja kwa moja nyumbani. Lakini nyumbani ni kwako, na mume wako yuko huku kwa sababu mimi nilikuwa huku. Naweza kupata kibarua cha kubeba mizigo hapa Igoma, nikae hata mwaka. Sitapanda meli mpaka uniambie.

Mdogo wako,
Longino


Kijijini Buhendo
4 Desemba 1977

Longino,

Marahaba. Mama anaumwa miguu, fimbo imerudi. Mtoto ameanza kutembea. Barua zako zote tatu zilifika, na zote nilizijibu kichwani.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Si haki, najua. Nilitaka utoke, na sasa unatoka, na kila jioni watoto wanakaa mezani na kiti kimoja kikiwa kitupu, nami siwezi kumlaumu mtu mwingine zaidi ya mikono yangu. Wenye kahawa waliokuwa wakimshangilia mume wangu hawapiti tena njia ya kwetu. Kemilembe hataki kusikia jina lako. Nakuambia mapema ili usije ukashtuka. Ana miaka kumi na minne, atajifunza au hatajifunza.

Mpe Afande Kashindye salamu zangu. Mwambie mwalimu ameelewa alichofanya. Mpe shemeji yako soksi hizi na dawa ya viganja. Mwambie nimezituma mimi, usiseme zimetoka kwa watoto.

Usikae Igoma. Upepo wa wiki jana umeangusha migomba upande wa mama, na mingine imeinama na mikungu yake, hakuna wa kuikatia miti ya kuitegemeza. Panda meli ya Jumanne. Sitakuja bandarini, sitaki tutazamwe. Ukifika usiniambie pole wala ahsante, sina pa kuziweka kwa sasa. Pitia nyuma. Mlango wa jikoni nitauacha wazi.

Dada yako,
Adventina